Kazi ya mashine Lokichar: Usiulize tu nafasi ni ngapi, uliza nani atakufunza

Kila mara mafuta ya Turkana yanaporudi kwenye vichwa vya habari, swali la kwanza linalosikika Lokichar ni lile lile: vijana wetu watapata kazi ngapi?

Ni swali halali, na lina historia yake. Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia-1. Hata miaka miwili haikuisha. Oktoba 2013 kampuni ya Tullow ilisimamisha shughuli zake kwa muda baada ya wakazi kuandamana wakidai kazi zaidi. Juni 2018, malori yaliyokuwa yameanza kusafirisha mafuta ghafi kwenda Mombasa yalizuiwa njiani, wakazi wakilalamikia usalama na kudai kazi na zabuni. Safari hizo zilirejea Agosti, na mwaka uliofuata, Agosti 2019, meli ya kwanza ikaondoka Mombasa na mapipa 200,000 hivi.

Sasa kuna mwenyewe mpya. Mwaka 2025 Tullow iliuza biashara yake ya Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy kwa bei isiyopungua dola milioni 120. Matumaini yameamka tena, na swali la zamani limeamka nayo. Watu wanataka idadi. Mia ngapi? Elfu ngapi? Wa Turkana Kusini wangapi, na wa kutoka nje wangapi?

Lakini hebu tusimame kidogo hapo kwenye idadi, kwa sababu idadi inaweza kukudanganya. Kazi za mafuta zina tabia moja ambayo haisemwi sana barazani. Wakati wa ujenzi watu wanahitajika wengi: kuchimba mitaro, kumwaga zege, kulaza mabomba, kutengeneza barabara. Ujenzi ukikamilika na mafuta yakaanza kutoka, wanaobaki ni wachache, na wengi wao ni watu wa vyeti. Kwa hivyo kijana wa Lokichar, Lodwar au Kakuma aliye na nguvu bila cheti ana kipindi kifupi tu cha kunufaika. Pesa ya kipindi hicho itaisha. Kinachoweza kubaki naye ni viwili: ujuzi aliopata, na mwili wake ukiwa mzima.

Akitoka bila ujuzi, alikuwa kibarua tu. Akitoka na ujuzi lakini mikono imekufa ganzi na kifua kimejaa vumbi, basi mradi umemchukulia zaidi ya ulichompa. Hilo ndilo jambo la kuchunguza kabla hatujapigia makofi idadi yoyote.

Chukua mfano wa mashine moja

Tuache maneno makubwa, tuchukue kifaa kimoja: ile jekihama ya haidroliki, mashine ya kushika kwa mikono inayovunja zege, lami na mwamba. Umeiona mjini. Ndiyo ile inayopasua barabara Nairobi wakati watu wa maji wanatafuta bomba lililopasuka, na wewe unapita ukiwa umeziba masikio. Turkana ina kazi nyingi za namna hiyo. Barabara ya A1 kutoka Lokichar kupitia Lodwar na Kakuma hadi Nadapal, mpakani mwa Sudan Kusini, imejengwa upya kwa vipande kwa fedha za Benki ya Dunia. Kabla ya kuweka lami mpya mahali popote, ile kuukuu lazima iondoke, pamoja na kalvati mbovu na sakafu za zege zilizoliwa na maji ya laga. Na kuzunguka Lodwar kuna mawe meusi ya volkano ambayo sururu inayagonga tu na kurudi.

Nimeichagua mashine hii kwa sababu moja. Mtu yeyote anaweza kukabidhiwa leo asubuhi na kuambiwa, "Shika hapa, bonyeza hapa, endelea." Inaonekana kazi ya nguvu tu. Kumbe ni kazi ya ujuzi, na tofauti kati ya aliyefunzwa na asiyefunzwa inaonekana kabla ya saa nne asubuhi.

Inavyofanya kazi

Kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni mtambo wa nguvu: injini ya petroli au dizeli inayozungusha pampu. Ya pili ni mipira miwili, mmoja wa kupeleka mafuta ya haidroliki na mwingine wa kuyarudisha. Ya tatu ni nyundo yenyewe, ambayo ndani yake mafuta hayo husukuma pistoni, na pistoni inagonga patasi mara nyingi kila dakika. Mashine nyingi za aina hii hutumia lita 20 au lita 30 za mafuta kwa dakika, na uzito wa nyundo huanzia kilo 15 hivi hadi zaidi ya 30.

Ukilinganisha na jekihama ya zamani ya kutumia hewa, hii haihitaji kompresa kubwa ya kukokotwa na lori. Mtambo wake unaingia nyuma ya pikapu. Ndiyo maana inafaa mahali kama Turkana, ambako kutoka kazi moja hadi nyingine kunaweza kuwa safari ya kilomita nyingi.

Jambo la kwanza la kukariri: nyundo na mtambo lazima vilingane. Nyundo ya lita 20 ukiifunga kwenye mtambo wa lita 30, unaiua, na unaweza kujiumiza. Kibandiko cha mashine kinaonyesha kiasi inachotaka. Soma. Kisipokuwepo, uliza. Usikisie.

Kabla ya kuwasha

Fundi mzuri utamjua kabla hata injini haijanguruma, kwa sababu dakika za kwanza anazitumia kuangalia.

Anaangalia ardhi. Chini ya hapa kuna nini? Bomba la maji? Waya wa stima? Mipira ya intaneti? Nyundo hizi kwa kawaida hazina kinga ya umeme, na patasi ikigusa waya wenye moto, mwenye kushika ndiye njia ya umeme kwenda ardhini. Msimamizi ndiye anayepaswa kuwa na ramani au kuwaita wahusika waje kuweka alama. Karibu na alama hizo unachimba kwa mkono, taratibu.

Anaangalia mipira. Iwapo mpira umechubuka hadi waya wa ndani unaonekana, huo ni wa kutupwa, si wa kufungwa kwa utepe. Anapangusa viungio kabla ya kuviunganisha, kwa sababu mchanga ndio adui mkubwa wa mashine hii, na Turkana mchanga hauishi. Ukiingia kwenye mafuta, unakula pampu na nyundo kutoka ndani. Anahakikisha pia kwamba mpira wa kupeleka na wa kurudisha haijabadilishana nafasi.

Anaangalia mtambo. Umekaa mahali tambarare? Mafuta ya haidroliki yanatosha? Kipoza mafuta kimezibwa na vumbi? Joto la Lodwar hupanda kupita nyuzi 35, na injini huongeza lake. Mafuta yakichemka yanakuwa mepesi, nyundo inapoteza nguvu, na viungio vinaunguza ngozi. Ukiweza, weka mtambo kivulini penye upepo. Moshi wake usielekezwe kwenye mtaro wenye watu, kwa sababu moshi wa injini una gesi inayoua bila harufu. Na petroli haiongezwi injini ikiwa inanguruma wala ikiwa bado moto.

Halafu kuna onyo moja ambalo linafaa kuandikwa kwa rangi nyekundu: usitafute mvujo kwa mkono wako. Mafuta ndani ya mpira huo yana presha mara 50 au zaidi ya presha ya tairi la gari dogo. Tundu dogo kama la sindano linatosha kurusha mafuta hadi yapenye glavu na ngozi. Kidonda utakachokiona ni kama umechomwa na mwiba, hakina hata damu ya maana. Lakini ndani mafuta yanasambaa na kuua nyama, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Hiyo ni dharura ya upasuaji, si jambo la kusubiri hadi jioni. Kutoka Lokichar hadi hospitali ya rufaa Lodwar ni zaidi ya kilomita 80, kwa hivyo anayeumia hivyo aingizwe garini mara moja, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya presha yaliyopenya ngozini. Kuhusu mvujo, zima injini. Ikibidi kuutafuta mashine ikiwa hai, pitisha kipande cha katoni au ubao, ukiwa mbali na umevaa miwani. Na kabla ya kufungua kiungio chochote: injini zima, kisha bonyeza mkono wa nyundo ili presha iliyobaki itoke.

Namna ya kuifanya ikufanyie kazi

Kosa la kwanza la anayeanza ni kupigana na mashine. Anailalia kwa kifua, anaisukuma kwa nguvu zake zote, akidhani ndiyo inavunja haraka. Haivunji haraka. Uzito wa nyundo unatosha. Kazi yako ni kuiongoza na kuiegemea kiasi cha kuifanya isirukeruke. Ukiisukuma kupita kiasi, unachoongeza ni mtikisiko unaoingia mikononi mwako. Shika imara lakini usikamue.

Kosa la pili ni kuanzia katikati. Zege halipendi kubanwa, linapendelea kupasuka kuelekea mahali penye nafasi. Kwa hivyo anzia ukingoni. Kama hakuna ukingo, toboa shimo kwanza, upate mahali pa vipande kuangukia. Kisha kata kidogo kidogo, sentimita 5 hadi 10 kutoka ukingoni. Ikipasuka kwa urahisi, ongeza hatua. Isipopasuka, punguza. Inamisha patasi kidogo ili kipande kisukumwe upande ulio wazi.

Kosa la tatu ni kung'ang'ania. Umegonga mahali pamoja kwa sekunde kumi, kumi na tano, na hakuna ufa. Acha. Sogea. Ukiendelea, patasi inazama na kukwama, ncha inapata moto na kulainika, na wewe unatikiswa bure. Ikikwama, usitumie nyundo kama mtaimbo kwa kuivuta huku na huku. Patasi inavunjika hivyo, na mgongo pia. Vunja pembeni yake kwa patasi nyingine mpaka ya kwanza iachie.

Kosa la nne ni kuchagua ncha vibaya. Ncha iliyochongoka ni ya mwamba na zege gumu. Patasi nyembamba ni ya zege la kawaida. Ile pana kama jembe ni ya lami na udongo ulioshikana. Ncha butu hukuongezea muda, na kila dakika ya ziada mikono yako ndiyo inayoilipia. Na usiishike ncha kwa mkono mtupu baada ya kazi, inaunguza.

Msimamo: miguu imepanuka, vidole vya miguu mbali na patasi, mgongo umenyooka. Kubeba, tumia miguu, na nyundo nzito ibebwe na wawili. Usiiendeshe hewani bila kugusa kitu, na usiielekeze ukutani juu ya kiuno, hiyo ni kazi ya kifaa chepesi. Mpira si kamba ya kuvutia mashine. Wengine wote wakae mbali, nyuma ya kizuizi, kwa sababu kipande cha zege hakichagui jicho.

Umeona? Hakuna hata kimoja katika haya kinachohitaji misuli ya ajabu. Dada mwenye mafunzo ataivunja sakafu haraka kuliko kaka mwenye kifua kipana asiyejua aanzie wapi. Atatumia mafuta kidogo, ataharibu patasi chache, na jioni bado ataweza kushika kikombe cha chai bila kutetemeka.

Mwili unalipa polepole

Ajali ya kuonekana kila mtu anaiogopa. Inayowamaliza watu ni ile ya polepole.

Kuna mtikisiko. Mwaka 1918, daktari Mmarekani Alice Hamilton alikwenda Bedford, Indiana, kuchunguza wachonga mawe waliokuwa wakitumia nyundo za hewa. Aliwakuta wanaume ambao vidole vyao vilikuwa vinageuka vyeupe na kufa ganzi asubuhi za baridi. Zaidi ya miaka 100 imepita na ugonjwa ni ule ule: mishipa midogo ya damu na ya fahamu kwenye vidole inaharibika. Unaanza kuhisi kama sisimizi wanatembea. Halafu ganzi. Halafu unashindwa kufunga kifungo cha shati.

Sasa sikiliza jambo linalohusu Lokichar hasa. Weupe wa vidole huletwa na baridi. Pale Turkana baridi hiyo haipo, kwa hivyo dalili inayoonekana zaidi inaweza kujificha. Kijana anafanya kazi mwaka mzima akisema yuko sawa, kisha siku anaamka Eldoret au Kitale asubuhi ya Julai na vidole ni kama vya maiti. Kwa hivyo usisubiri weupe. Ganzi na sisimizi baada ya kazi ndiyo kengele yako.

Dawa yake ni hesabu ya muda. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2002 liliweka kipimo cha mtikisiko kwa siku ya saa 8: mita 2.5 kwa sekunde mraba mwajiri lazima achukue hatua, na mita 5 ndio mwisho. Mashine yenye mtikisiko wa mita 10 inafika kiwango cha kwanza kwa dakika 30 tu za kubonyeza, na cha mwisho kwa saa 2. Ikiwa mtikisiko ni mita 20, dakika 30 tu zinatosha kukufikisha mwisho. Yaani mtikisiko ukizidi mara mbili, muda unagawanywa kwa nne. Kipimo cha mashine hupatikana kwenye kitabu chake. Kwa hivyo mtu mmoja kuachiwa nyundo kutoka asubuhi hadi jioni si uchapakazi. Watu wawili wapokezane, mmoja anavunja na mwingine anaondoa vifusi. Mashine zenye mikono ya springi za kupunguza mtikisiko zipo pia, na mkandarasi anaweza kuzichagua akitaka.

Kuna vumbi. Zege, mchanga na mawe mengi yana silika. Ile chembe inayodhuru ni ndogo kuliko unayoiona, inashuka hadi ndani kabisa ya pafu na kuacha kovu lisilopona. Aliyejaa silika pia hushikwa na TB kwa urahisi zaidi. Kitambaa au shuka uliyojifunga mdomoni inazuia vumbi kubwa tu, hiyo chembe inapita. Kinachosaidia ni maji yanayonyunyiziwa ncha inapogonga, na barakoa ya kweli ya kuchuja vumbi inayokaa vizuri usoni. Najua utasema: maji, Turkana? Ndiyo, maji. Mradi unaoleta maji ya kuchanganya zege hauwezi kukosa ndoo kadhaa za kuzima vumbi.

Kuna kelele. Nyundo hizi hupita desibeli 100. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinaweka kikomo cha wastani wa desibeli 90 kwa saa 8. Kipimo cha mtaani: ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye hatua moja kutoka kwako akusikie, hapo unahitaji viziba masikio. Sikio likishakufa, hakuna fundi wa kulirekebisha.

Na kuna jua. Anza mapema, saa kumi na mbili asubuhi kukiwa bado na ubaridi. Kazi nzito iwe imepungua kabla ya jua la mchana. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Mtu anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka huku ameshika nyundo ya kilo 30, mpokonyeni, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji na muite msaada.

Sheria iko upande wako, lakini lazima uijue

Hapa ndipo habari ya mashine inarudi kuwa habari ya siasa ya ajira. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haisemi kwamba mwajiri mzuri *anaweza* kukufunza. Inamlazimu kutoa maelezo, mafunzo na usimamizi. Mtu hapaswi kuwekwa kwenye mashine inayoweza kumjeruhi kabla ya kuelezwa hatari zake, na awe amefunzwa vya kutosha au anasimamiwa na anayeijua. Vifaa vya kujikinga vinatolewa na mwajiri, na hupaswi kukatwa mshahara kwa ajili yake. Ukiona hatari kubwa iliyo mbele yako, una wajibu wa kumwarifu msimamizi, na hapaswi kukurudisha hapo mpaka hatari iondolewe.

Halafu kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007. Ukiumia kazini hulazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea ndipo ulipwe. Kwa ulemavu wa kudumu fidia inaweza kufika mapato ya miezi 96. Lakini ripoti lazima itolewe, na madai yasicheleweshwe kupita miezi 12. Ndiyo maana kijana anayefanya kazi bila jina lake kuandikwa popote yuko hatarini mara mbili. Akiumia, kutakuwa na ugomvi hata kuhusu kama alikuwepo. Andikisha jina lako. Piga picha ya karatasi. Weka ujumbe wa simu ulioitwa nao kazini. Ofisi inayosimamia mambo haya ni Idara ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya Wizara ya Leba.

Mtu atasema, "Wewe unaongea tu, ukiuliza maswali wanamwita mwingine." Ni kweli. Pale penye vijana kumi wanaosubiri nafasi moja, anayeuliza barakoa anaonekana msumbufu. Njaa haisomi sheria. Ndiyo sababu swali hili haliwezi kuachiwa kijana mmoja mbele ya nyapara. Linapaswa kuulizwa na jamii, mapema, kabla mkataba haujaanza, barazani ambako hakuna anayeweza kufutwa kwa kuuliza.

Maswali ya kubeba barazani

Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa mapato ya serikali kutoka kwa mafuta: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya mahali yanapochimbwa. Watu wanaijua hiyo 5 kama wanavyojua jina la mtoto wao, na ni sawa. Lakini sheria hiyo hiyo inataka kampuni ziwatumie Wakenya na kuwajengea uwezo. Hapo ndipo pa kubana.

Kwa hivyo mkandarasi yeyote akija, awe wa mafuta au wa barabara, na akataja idadi ya vibarua, muulizeni na haya. Kati ya hao, wangapi watafunzwa mashine, na kwa siku ngapi? Nani anawafunza? Wakimaliza, wanaondoka na karatasi gani? NITA ina mitihani ya ufundi kuanzia Daraja la 3 hadi la 1, na Kenya sasa ina mfumo wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini chini ya mamlaka ya KNQA. Mkandarasi anaweza kuandika barua inayosema fulani aliendesha mashine hii kwa miezi kadhaa na aliifanya salama. Barua hiyo haimgharimu chochote, lakini kwako ni mlango wa mtihani.

Muulizeni pia kama atawachukua waliokwisha kufunzwa hapa hapa. Lodwar ina chuo cha mafunzo ya ufundi. Kakuma kuna Don Bosco, ambako vijana wakimbizi na wenyeji wamekuwa wakijifunza uashi, uchomeleaji na kazi nyinginezo. Kama vyuo vya karibu havina jekihama hata moja ya kujifunzia, hiyo ni zawadi nafuu sana kwa kampuni inayotaka kuonekana jirani mwema. Ni afadhali hiyo kuliko fulana za rangi za siku ya uzinduzi.

Na wewe unayesoma haya ukiwa Kayole, Kisumu au Mombasa, usidhani ni habari ya wenzako wa mbali. Mjengo ni ule ule. Nyundo ile ile inavunja lami mtaani kwenu, na kijana anayeishika pengine amekabidhiwa leo asubuhi. Ukipata nafasi hiyo, ichukue, ni kazi safi na ujuzi wake unatembea nawe kokote. Lakini kabla ya kubonyeza, uliza vitu vitatu: nyundo hii na mtambo huu vinalingana? Chini ya hapa kuna nini? Na nani atanipokea baada ya dakika 30? Nyapara akiwa na majibu, anza kazi. Akikosa, wewe na wenzako simameni kando, muulize kwa pamoja, na mngoje ajibiwe naye na mkubwa wake.